Nani alipe gharama ya matibabu: mgonjwa mwenyewe, au umma kupitia serikali?

Mdadisi

Ndugu zangu, naomba tujadiliane kwa utulivu suala ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, na ambalo kila ninapolizungumza na watu huishia kwenye hasira. Je, ni wajibu wa serikali kumsaidia raia kulipia matibabu, au ugonjwa ni jambo la mtu na familia yake, kama zilivyo kodi ya nyumba na nguo za kuvaa?

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba naegemea upande wa pili, ingawa si kwa ukaidi. Mimi sivuti sigara, natembea kila siku, napima shinikizo la damu mara kwa mara, na nimejiwekea akiba ya dharura kwa miaka mingi. Jirani yangu hafanyi hata moja kati ya hayo. Sioni haki iko wapi ikiwa kodi yangu itatumika kutibu mapafu yake. Wanaosema kwamba afya ni haki ya kila binadamu hawanijibu swali hilo, kwa sababu chakula nacho ni haki, lakini serikali haimlipii kila raia mlo wake. Huwasaidia wasiojiweza, na wengine tunajinunulia. Kwa nini matibabu yatendewe tofauti?

Maskini asiye na chochote asaidiwe, hilo silibishi. Ninachouliza kinatuhusu sisi wengine wenye kipato cha kadiri: kwa nini tusiachwe tujiwekee akiba, au kila mtu akate bima binafsi kwa kiwango anachokitaka? Ninamwomba atakayejibu asinihubirie huruma, kwani huruma ninayo. Anieleze tu hesabu yangu inakosea wapi, kama inakosea.

Mtakwimu wa Bima

Ndugu Mdadisi, nitajaribu kukujibu kwa hesabu kama ulivyoomba, maana hesabu hizo ndizo zilizonilisha kwa miaka kadhaa nilipokuwa nikifanya kazi katika kampuni za bima.

Kasoro iko katika kulinganisha matibabu na chakula. Matumizi ya chakula ya mtu mmoja na mwenzake hayapishani mno, na kila mmoja anaweza kukadiria leo atakachohitaji mwezi ujao. Matibabu hayako hivyo. Ukichukua kundi lolote kubwa la watu na kulifuatilia kwa mwaka mmoja, utakuta kwamba wengi hawakutumia karibu chochote, ilhali wachache wametumia sehemu kubwa ya fedha zote. Nchini Marekani, ambako jambo hili limefuatiliwa kwa miongo mingi, takriban nusu ya matumizi yote ya mwaka huenda kwa asilimia 5 tu ya watu, na hakuna awezaye kujua kwa hakika kama mwakani atakuwa mmoja wao. Akiba yako, ndugu yangu, imepimwa kwa mwaka wa kawaida; haikupimwa kwa figo zilizoacha kufanya kazi wala kwa mtoto aliyezaliwa miezi mitatu kabla ya wakati. Kwa hiyo kitu unachohitaji kukinunua leo ni ulinzi dhidi ya mwaka mbaya, na ulinzi wa namna hiyo hauwezi kupatikana ila kwa kuchanga na wengi.

Hapo utaniambia kwamba basi tukate bima binafsi. Ningependa sana iwe rahisi hivyo. Mwaka 1963 mwanauchumi Kenneth Arrow alichapisha makala iliyoeleza kwa nini soko la matibabu halifanani na masoko mengine, na kiini cha maelezo yake ni taarifa: mgonjwa hajui anachokihitaji mpaka daktari amwambie, na daktari huyohuyo ndiye anayeuza; mwenye bima, kwa upande wake, anaijua hali yake kuliko anavyoijua aliyemkatia. Tuseme kampuni inawatoza wote mchango mmoja unaolingana na gharama ya wastani. Wewe unayetembea kila siku utautazama mchango huo, utaona ni mkubwa kuliko unachotarajia kutumia, na utajitoa. Mwenye kifua kinachobana hatajitoa. Wastani utapanda, mchango utapanda, na safari hii atakayejitoa ni yule aliyekuwa na afya ya kadiri. Mzunguko huo ukiachwa uendelee, mfuko hubaki na wagonjwa watupu na mchango usiolipika.

Kampuni haikubali kufa kifo hicho, kwa hiyo huchuja. Mimi mwenyewe nimeandaa fomu za kuchuja: wazazi wako waliugua nini, umewahi kulazwa, una umri gani, ugonjwa ulio nao sasa tutauondoa katika mkataba. Sikuwa mtu mwovu, wala waajiri wangu hawakuwa waovu; kampuni isiyochuja ingekimbiliwa na wagonjwa wote waliokataliwa kwingine. Lakini matokeo yake ni kwamba bima inayojiendesha kwa hiari humkwepa yule anayeihitaji kuliko wote. Leo una afya na utapewa mkataba mzuri. Jiulize utapewa mkataba gani ukiwa na miaka 70 na kisukari.

Njia ya kutoka humo ni kuwaingiza watu wote, wazima kwa wagonjwa, wasiweze kujitoa, na mwenye uwezo wa kulazimisha hivyo ni serikali peke yake. Haikuwa fikra ya wanamapinduzi. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883 chini ya Kansela Bismarck, ambaye miaka 5 kabla yake alikuwa amepiga marufuku vyama vya kijamaa. Wafanyakazi walilipa theluthi mbili ya mchango na waajiri theluthi moja. Uingereza ilichukua njia ya kodi mwaka 1948, Japani ilikamilisha bima ya wote mwaka 1961, na Uswisi, tangu 1996, inamlazimisha kila mkazi kununua bima ya msingi kutoka kampuni binafsi, huku kampuni hizo zikikatazwa kumkataa yeyote, kumtoza mgonjwa zaidi ya mzima, au kujipatia faida kutokana na bima hiyo ya msingi. Kwa hiyo tunapouliza kama serikali isaidie, tutofautishe kulazimisha, kukusanya, kufidia na kumiliki hospitali, kwa sababu nchi moja inaweza kufanya mambo mawili kati ya hayo na kuyaacha mengine.

Kuhusu jirani yako mvutaji, nitasema jambo ambalo halipendezi masikioni. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walikadiria gharama za matibabu za maisha yote tangu umri wa miaka 20, wakakuta kwamba mvutaji hugharimu kidogo kuliko asiyevuta na mwenye uzito wa kawaida, kwa sababu mvutaji hufa mapema, ilhali sisi wazima huishi hadi kwenye magonjwa ya uzeeni yanayotibiwa kwa muda mrefu. Huenda ni yeye anayekuchangia wewe, na hapo sijahesabu ushuru wa tumbaku. Tena magonjwa mengi hayana mwenye kosa. Ukitaka kila mgonjwa athibitishe kwanza kwamba hakujitakia, itabidi uweke mahakama katika kila wodi.

Mlipakodi

Nimeisoma hoja ya Mtakwimu wa Bima kwa makini na sina ugomvi na hesabu yake. Ninachokikataa ni mrukio uliomo ndani yake. Kuthibitisha kwamba soko lina kasoro si kuthibitisha kwamba serikali itafanya vizuri zaidi. Ni sawa na kumwona fundi mmoja ameshindwa, ukampa kazi wa pili ambaye hujawahi kuona kazi yake.

Tuangalie kazi yenyewe. Mwaka 2001 viongozi wa nchi za Afrika walikutana Abuja na kuahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti za serikali kwa afya. Zaidi ya miongo miwili imepita, na nchi nyingi hazijafikia kiwango hicho hata mara moja. Mwaka huohuo wa 2001 Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya umma. Watu walifurika, na hasa maskini, jambo ambalo kila mtetezi wa huduma za bure hulitaja. Lisilotajwa ni kwamba watafiti waliporudi kuzipima kaya miaka michache baadaye, waliona kwamba idadi ya kaya maskini zilizobeba gharama kubwa mno za matibabu haikuwa imepungua. Maelezo yao yalikuwa mepesi kueleweka: dawa ziliadimika katika vituo vya serikali, na mgonjwa aliyetibiwa bure alipewa karatasi akanunue dawa nje.

Neno "bure" lina njia nyingi za kulipiza kisasi. Dawa isipokuwapo dirishani, bei yake haijafutwa. Imehamia upande wa pili wa barabara. Daktari mmoja akipewa wagonjwa wa madaktari wanne, ada imegeuka foleni, na foleni ni ada inayomwumiza zaidi anayelipwa kwa siku, kwa sababu yeye akikaa benchi tangu asubuhi hadi alasiri amepoteza ujira wote. Wengine huchoka kusubiri wakatafuta mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma nao una bei. Heri ada iliyoandikwa ukutani kuliko ile inayonong'onwa.

Isitoshe, mtu asipogusa mfuko wake hutumia kupita haja. Hili lilijaribiwa. Shirika la utafiti la RAND la Marekani, kuanzia 1974 hadi 1982, lilizigawa kwa kura familia zenye watu zaidi ya 5,000 katika mipango tofauti, baadhi wakitibiwa bure na wengine wakichangia sehemu ya gharama. Waliotibiwa bure walitumia huduma nyingi zaidi kwa kiasi kikubwa, lakini kwa wastani afya zao hazikuwa bora kuliko za waliochangia.

Pendekezo langu ni kama la mleta mada. Serikali iwalipie maskini peke yao, kwa ukamilifu na bila mzaha, na sisi wengine ituwekee akaunti ya akiba ya matibabu kwa lazima, kama Singapore ilivyofanya tangu 1984. Kila mtu atakata makato yake mwenyewe na kutumia kilicho chake. Serikali iliyoelemewa hufanya vizuri zaidi jambo moja dogo kuliko ahadi kumi.

Karani Mstaafu

Wanangu, mimi si mchumi. Nilikaa dirishani katika idara ya malipo ya hospitali moja, ambayo sitaitaja, kwa zaidi ya miaka 20, na sehemu ya miaka hiyo nilikuwa katika dawati la misamaha, yaani pale alipoletwa mgonjwa asiyeweza kulipa. Nawasikia nyote wawili, Mdadisi na Mlipakodi, mkisema "maskini asaidiwe" kama vile maskini huja amebandikwa alama kwenye paji la uso. Ruhusuni niwaeleze jinsi msamaha unavyotolewa.

Mgonjwa alitakiwa kuwa na barua ya kiongozi wa eneo lake, kisha ahojiwe na afisa ustawi wa jamii, kisha fomu isainiwe na mganga mkuu. Mwenye nafasi ya kuhangaikia karatasi hizo alikuwa mtu anayefahamiana na kiongozi wa eneo, anayejua kusoma, na mwenye ndugu wa kumwachia mgonjwa. Maskini kabisa hakuwa na lolote kati ya hayo matatu. Nakumbuka mama mmoja aliyenyimwa msamaha kwa sababu alikuwa amevaa vizuri. Alikuja na gauni lake la pekee la kutokea, maana mtu haendi hospitalini na matambara mbele ya madaktari, na afisa alipomtazama aliandika kwamba anajiweza. Siku iliyofuata kitanda chake kilikuwa kitupu. Wodini waliniambia kwamba familia ilimwondoa usiku wakiogopa deni. Sikupata kujua kilichompata, na nimeshaacha kujidanganya kwamba huenda alipona.

Upande wa pili, nilisaini misamaha ya watu niliojua kwamba wana nyumba za kupangisha. Walikuwa na barua zote.

Tena kati ya maskini na asiye maskini hakuna ukuta. Katika miaka yangu yote watu waliofilisika mbele ya dirisha langu hawakuwa wale waliokuja wakiwa hawana kitu. Asiye na kitu hana cha kuuza. Waliofilisika walikuwa walimu, madereva, wenye mashamba ya kadiri, watu ambao kwa kipimo chochote mngewaweka katika kundi la wanaojiweza. Aliingia Januari akiwa na ng'ombe na cherehani ya mkewe, akatoka Juni bila vyote viwili, na kijana wake ameacha shule. Shirika la Afya Duniani na wenzake kwa miaka mingi walitumia kipimo kilichosema kwamba kaya ikitoa zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yake yote kwa ajili ya matibabu basi imebeba mzigo mkubwa kupita kiasi. Wengi niliowahudumia walipita kipimo hicho katika juma la kwanza.

Nilitaka pia kumjibu Mdadisi kuhusu kumlipia jirani. Mwanangu, unamlipia tayari. Jirani yako akiletwa amezimia usiku wa manane, hakuna muuguzi atakayemwacha afie mlangoni ili kulinda kodi yako. Hata Marekani, ambako watu wengi wanafikiri kama wewe, kuna sheria ya mwaka 1986 inayozitaka hospitali kumhudumia mgonjwa wa dharura mpaka hali yake itulie kabla ya kuzungumzia malipo. Atatibiwa, atashindwa kulipa, na deni lake sisi makarani tulikuwa tukilifuta mwisho wa mwaka na kulipachika katika bei za wanaolipa. Tofauti ni kwamba umemlipia katika saa iliyo ghali kuliko zote. Vidonge vyake vya shinikizo la damu kwa miaka 10 vingegharimu kidogo kuliko juma moja la kulazwa baada ya kiharusi.

Mtakwimu wa Bima

Shikamoo, Karani Mstaafu, na ahsante. Nina mambo mawili tu kwa ndugu Mlipakodi, ambaye ametoa pingamizi zenye uzito, na lile la Uganda nalikubali lote.

La kwanza ni utafiti wa RAND. Ni kweli kwamba kwa wastani afya hazikutofautiana, lakini wastani huo ulifunika kitu. Miongoni mwa waliokuwa maskini na tayari ni wagonjwa, waliotibiwa bure walidhibitiwa shinikizo la damu vizuri zaidi. Na waliotozwa hawakupunguza huduma zisizo na maana peke yake. Walipunguza zenye faida na zisizo na faida kwa kadiri inayokaribiana, kwa sababu mgonjwa hana elimu ya kutofautisha maumivu ya kifua yanayopita na yale ya moyo. Ada humpunguza mtu kuja. Haimfundishi aje lini. Ukitaka kupunguza huduma zisizo na faida, mbane anayeandika vipimo na dawa, si anayeumwa.

La pili ni Singapore. Akaunti za akiba zilianza 1984 kama ulivyosema, lakini hazikutosha peke yake. Mwaka 1990 serikali iliongeza bima ya gharama kubwa, na mwaka 2015 ikaifanya ya lazima kwa raia na wakazi wa kudumu wote, maisha yao yote, wakiwamo waliokwisha kuugua. Hata nchi iliyoamini sana mfuko wa mtu binafsi ilifika kwenye kuchanga pamoja, ikalazimisha, na inawafidia wenye kipato kidogo. Usisahau pia kwamba hospitali nyingi za Singapore ni mali ya umma.

Ukiniuliza basi ni nini kinachoitofautisha serikali inayofaulu na ile ya mfano wako, nitasema kwamba ni mpangilio wa hatua. Kufuta ada ni tangazo la siku moja. Kujaza dawa na kuajiri wauguzi ni kazi ya miaka, na watawala wengi huanza na lililo jepesi.

Mlipakodi

Hilo la mpangilio wa hatua ndilo ninalolitafuta katika kila kampeni ya uchaguzi na silipati. Nakubali kwamba nimeitaja Singapore nusunusu.

Kuhusu dawati la misamaha, Karani Mstaafu, maelezo yako yamenigusa, ila ninaona yanathibitisha pia hofu yangu: ofisi iliyoshindwa kutambua maskini aliyesimama mbele yake ndiyo mnayotaka kuikabidhi fedha za nchi nzima?

Karani Mstaafu

Ndiyo, mwanangu, kwa sababu ningeiondolea kazi iliyoishinda. Kama wote wanatibiwa bila kuulizwa dirishani, hapahitajiki barua, wala afisa wa kutazama gauni. Kumpima mtu uwezo wake kunafanyika mara moja kwa mwaka kwenye kodi, mtu akiwa mzima na ana muda wa kukata rufaa. Hakufanyiki tena kwa mgonjwa aliyelala kwenye machela.

Mdadisi

Nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee Karani Mstaafu, shikamoo. Niliomba nionyeshwe hesabu inapokosea, na nimeonyeshwa. Nilikuwa nikidhani ninachagua kati ya kumlipia jirani na kutomlipia. Sasa naona kwamba ninamlipia kwa vyovyote vile, na chaguo langu ni kulipa mapema kwa utaratibu au kulipa baadaye kwa dharura. Lile la uzee wangu mwenyewe, kwamba bima inayonipenda leo itanikimbia nikifika miaka 70, sikuwa nimelifikiria hata kidogo, na ninaona aibu kidogo kulikiri.

Lakini limebaki jambo moja. Baadhi ya nchi mlizozitaja zilianza na wafanyakazi wenye mishahara, ambao makato yao huchukuliwa na mwajiri kabla fedha haijafika mkononi. Sehemu nyingi za dunia watu wengi hawana mwajiri. Ni wakulima, wachuuzi, mafundi, waendesha pikipiki. Anayekusanya mchango wa fundi atamkatia wapi? Akiambiwa ajiunge kwa hiari, si tunarudi kwenye mzunguko uleule wa Mtakwimu, wazima wakajitoa na wagonjwa wakabaki?

Mtakwimu wa Bima

Mnarudi, ndiyo, na imetokea mara nyingi. Mifuko ya hiari kwa ajili ya watu wa sekta isiyo rasmi huwavutia wajawazito, wenye magonjwa sugu na waliokwisha kuugua, na gharama ya kumfuata mchuuzi mmoja mmoja kukusanya mchango mdogo wakati mwingine hula sehemu kubwa ya mchango wenyewe.

Thailand iliyapitia yote hayo. Tangu 1975 ilikuwa na kadi za matibabu za wenye kipato duni, na lawama zilizotolewa dhidi ya kadi hizo zinafanana sana na za Karani Mstaafu: baadhi ya maskini walizikosa, na wasiostahili walizipata. Baadaye ikauza kadi za hiari kwa wengine, nazo zikanunuliwa zaidi na wenye dalili za ugonjwa. Mwaka 2002 iliacha kuhangaika na makusanyo. Kila asiyekuwa mtumishi wa serikali wala mwanachama wa mfuko wa wafanyakazi, nao walikuwa takriban robo tatu ya watu wote, aliingizwa katika mpango mmoja unaolipiwa na kodi ya jumla, akilipa mwenyewe baht 30 tu, fedha ya huko, kwa kila ziara. Fundi hakufuatwa nyumbani. Alishachanga kila aliponunua kitu chenye kodi ndani yake.

Fedha hazikugawiwa kwa kulipa kila risiti iliyoletwa. Kwa wagonjwa wa nje, mtandao wa kila wilaya ulilipwa kiasi maalumu kwa kila mtu aliyeandikishwa kwake, awe ameugua au hakuugua, kwa hiyo hospitali haikupata faida kwa kumrundikia mgonjwa vipimo. Kwa waliolazwa ililipwa kwa aina ya ugonjwa, ndani ya bajeti iliyowekewa kikomo. Na hapa namrudia Mlipakodi: Thailand ilikuwa imeanza kuwapeleka madaktari wapya vijijini kwa lazima mwaka 1972, na imejenga hospitali za wilaya kwa miongo mitatu kabla ya kuwaambia watu waje. Walipokuja, palikuwa na mtu wa kuwapokea. Malalamiko yapo, ya foleni na ya hospitali zinazodai kulipwa kidogo kuliko gharama, lakini idadi ya kaya zinazofukarishwa na matibabu ilishuka, na serikali kadhaa zilizofuata, hata zilizowapindua walioanzisha mpango huo, hazikuthubutu kuufuta.

Mlipakodi

Miaka 30 ya kujenga kwanza. Kwa mpangilio huo mimi nipo tayari kukatwa kodi, kwa sharti ambalo natumaini Karani Mstaafu ataliunga mkono: kila kituo kibandike mlangoni, kila juma, orodha ya dawa muhimu zinazotakiwa kuwapo na zile zilizopo, ili anayeingia aijue hali kabla ya kupanga foleni, na anayetuomba kura aikute pale ukutani siku ya kuja kupiga picha.

Karani Mstaafu

Naliunga mkono. Waandike na jina la anayepaswa kuagiza hizo zilizokosekana.